Kuba ya Kimya Darasani

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Je, kata yenyewe isipofika mtungini, siri hiyo ina faida gani? Swali hili hunijia kila nikumbukapo Get Smart, mchezo wa televisheni wa Kimarekani uliobuniwa na Mel Brooks na Buck Henry, ukaanza kuonyeshwa mwaka wa 1965.

Jasusi Maxwell Smart, aliyeigizwa na Don Adams, alikuwa na simu iliyofichwa ndani ya kiatu. Ili azungumze, sharti akivue na kuibandua soli. Katika kipindi cha kwanza kiatu hicho kililia katikati ya tamasha la muziki. Hicho ndicho chombo cha siri!

Kichekesho kikuu, hata hivyo, kilikuwa Kuba ya Kimya. Kila alipokuwa na jambo nyeti la kumwambia mkuu wake, Smart alishikilia kuwa itumike. Kuba mbili za plastiki angavu, zilizounganishwa, zilishushwa kutoka darini zikawafunika vichwa. Wakapigiana makelele bila kusikizana, ilhali aliyesimama nje aliwasikia vizuri zaidi, na mara nyingine yeye ndiye aliyewafikishia maneno.

Mwanaisimu hucheka, kisha hutafakari. Waama, usiri hautegemei chombo bali lugha wanayoielewa pamoja msemaji na msikilizaji wake. Watoto wa pwani yetu hawakuhitaji plastiki: katika kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa, "nyumba" ikawa "mbanyu", na mgeni akaachwa ameduwaa. Vijana wa Nairobi nao wana Sheng. Mizungu hii hufaulu kwa kuwa humfungia nje asiyehusika, lakini humfungulia mlango anayehusika.

Sisi wahadhiri je? Nakiri kosa langu. Siku moja nilihadhiri saa nzima kuhusu uyeyusho, mofimu na mazingira ya kifonolojia. Mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mwenziwe: "Ni ile u kugeuka w tu, kama mu-ana ikawa mwana." Mwenziwe akatabasamu, alikuwa ameelewa. Mimi na darasa langu tulikuwa chini ya kuba, na mnong'ono ndio uliotufikishia maneno. Nikakumbuka karatasi za mtihani nilizokuwa nimesahihisha: istilahi zangu zilirejeshwa neno kwa neno, bila mfano hata mmoja.

Sisemi tuzitupe istilahi. Taaluma isiyo na istilahi ni fundi asiye na msumeno. Ila tangu siku hiyo huanza na "mwana" na "mwalimu", jina la kitaalamu likafuata baadaye. Nanyi wanafunzi, mnapoona midomo ya mwalimu ikichezacheza na maana haifiki, inueni mkono. Jasusi ana sababu ya kuficha maneno yake, mwalimu hana.