Fahamu: Winchester 1894 hukaguliwaje kabla ya kununuliwa?

Ni bunduki gani?

Ni bunduki ya wenzo: mpigaji husukuma chini wenzo unaozunguka kifyatulio, kisha huurudisha juu, na risasi mpya huingia. Ilibuniwa na John Browning, na imetengenezwa kwa zaidi ya nakala milioni 7.

Umri wake

Umri hujulikana kwa namba ya bunduki, ambayo imechongwa chini ya kiwiliwili cha chuma, upande wa mbele. Wakusanyaji hupendelea zilizotengenezwa kabla ya 1964, mwaka ambao kampuni ilibadili utengenezaji ili kubana gharama. Sheria ya shirikisho ya Marekani huzihesabu za mwaka 1898 na kurudi nyuma kuwa silaha za kale. Kumbukumbu za kiwanda za bunduki nyingi za awali zimehifadhiwa katika makumbusho ya silaha ya Cody, Wyoming.

Hali yake

Kwanza, ihakikishwe haina risasi. Kisha tochi imulikwe ndani ya mtutu: mifuo iwe mikali, isiyoliwa na kutu. Skrubu zilizochubuka ni ushahidi wa mikono isiyo ya fundi.

Mtego mkubwa ni mng'aro. Bunduki iliyosuguliwa na kupakwa rangi upya hupendeza macho, lakini kona zake huwa zimelainika, maandishi yamefifia na thamani imeshuka. Iliyochakaa kwa matumizi ya kweli ni bora zaidi.

Isipigwe hata risasi moja kabla fundi bunduki hajaikagua.