Maji ya Chokaa kwa Tangi la Matumbawe

Maji ya chokaa ni maji safi yasiyo na chumvi yaliyoyeyusha chokaa iliyozimwa. Hutiwa katika tangi la matumbawe ili kurudisha kalsiamu ambayo matumbawe huifyonza kila siku kujengea mifupa yao. Katika pwani ya Waswahili matumbawe yalichomwa kwa karne nyingi ili ipatikane chokaa ya kujengea nyumba. Tangini, chokaa hurudi ilikotoka.

Bulumbi, mashariki mwa Uganda, iko mbali na bahari, lakini chokaa iko jirani. Jabali la Tororo na vilima vya Sukulu ni masalia ya volkeno ya kale ambayo mwamba wake ni wa chokaa, na kiwanda cha saruji kimekuwapo Tororo tangu miaka ya 1950. Ila mwamba huo, hasa wa Sukulu, umechanganyika na fosfeti. Kwa mkulima hiyo ni mbolea. Kwa tangi ni balaa: fosfeti huotesha mwani na kudumaza mifupa ya matumbawe. Kwa hiyo chokaa ya kupaka ukuta haifai, hata iwe nyeupe namna gani. Inayofaa ni iliyosafishwa kwa kiwango cha chakula au cha maabara. Chokaa isiyozimwa isiguswe kabisa, kwani ikikutana na maji huchemka na kuunguza.

Lita moja ya maji huyeyusha gramu 1.5 hivi, na maji baridi huyeyusha zaidi kuliko ya moto. Chokaa hukorogwa taratibu katika ndoo ya plastiki, ndoo ikafunikwa na kuachwa saa kadhaa mpaka maji yang'ae. Mwanafunzi aliyepuliza pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa aliyaona yakigeuka kama maziwa. Hewa ikiingia ndooni hufanya vivyo hivyo, ikaacha utando mweupe juu. Utando huo na machicha ya chini havitakiwi. Huchotwa maji ya katikati tu.

pH ya maji ya chokaa hufika 12, ilhali ya tangi ni 8 na kidogo, hivyo macho na mikono vikingwe. Hudondoshwa tone kwa tone, aghalabu usiku pH ya tangi inaposhuka, bila kuzidi maji yaliyopotea kwa mvuke. Yakimiminwa kwa mkupuo, samaki hufa.