Akiba ya Nafaka Katika Hewa ya Bahari

Katika pwani ya kusini, tokea Mikindani na Msangamkuu hata Msimbati na vijiji vilivyo jirani ya mlango wa Mto Ruvuma, mvua ni ya msimu mmoja tu: huanza aghalabu Novemba au Desemba, huondoka Aprili au Mei, na baada yake hakuna nyingine ya kutumainiwa mpaka mwaka ugeuke. Kwa hiyo mahindi, mtama, kunde na mbaazi zilizoanikwa wakati wa kusi hazina budi kuifikisha nyumba kwenye mavuno mengine, na miezi ambayo akiba imepungua ndiyo miezi ile ile ambayo bei sokoni imepanda na hewa imejaa unyevu. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikijongea kabla hakijatua upande wa Msumbiji, wakazi wa Mtwara waliambiwa waondoke mabondeni na ufukweni wakajihifadhi. Siku kama hiyo, mwenye ndoo mbili za nafaka zilizofungwa vyema ana neema ambayo mwenye fedha mfukoni hana, maana maduka yamefungwa.

Punje ya hindi haikai kama jiwe likaavyo. Hupumua, na hutoa maji na kuyapokea kwa kadiri ya unyevu wa hewa iliyoizunguka, mpaka hewa na punje ziwe zimepatana. Wataalamu wamepima mapatano hayo wakaona kwamba unyevu wa hewa ukifika asilimia 70, mahindi hutulia yakiwa na maji ya asilimia 13.5 au 14 hivi, na ukizidi hapo kuvu hupata nafasi ya kuota. Sasa hewa ya usiku kando ya bahari yetu hupita kiasi hicho sehemu kubwa ya mwaka, na wakati wa mvua hukipita hata mchana. Ndiyo sababu mahindi yaliyokaushwa barabara mwezi wa Juni, yakamiminwa katika gunia la katani au mfuko wa salfeti na kuegemezwa ukutani, yamkini yakawa yamerudiwa na unyevu kufikia Januari bila tone moja la mvua kuyagusa. Na mwenyewe akayalaumu mahindi, au akailaumu mbegu, ilhali kosa ni la gunia linalopitisha hewa.

Kanuni za ubora za Afrika Mashariki zinataka mahindi yasizidi maji ya asilimia 13.5, na karanga zilizobanguliwa asilimia 7 tu. Tafauti hiyo kubwa humshangaza mtu mpaka akumbuke kwamba takriban nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hayachukui maji. Kiasi kidogo cha maji kilichomo hukusanyika katika ile nusu nyingine na kuilowesha. Nyumbani hakuna kipimo cha umeme cha kupimia unyevu, walakini chumvi hufanya kazi hiyo kwa ustahiki. Hukaushwa chumvi ya kupikia juani au kikaangoni, ikaachwa ipoe, vikatiwa vijiko viwili au vitatu katika chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na nafaka ya kujaza theluthi yake. Chupa huzibwa, ikatikiswa dakika moja kwa nguvu, ikaachwa itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka ina maji zaidi ya asilimia 15 na irudi juani. Isipogandama, jambo moja lisisahauliwe: kipimo hiki kimesema kwamba nafaka iko chini ya 15, hakikusema kwamba imefika 13.5. Basi kwa akiba ya miezi mingi, iongezewe siku moja au mbili za jua kali.

Kuanika kwenyewe kuwe juu ya turubai au jamvi, kamwe si juu ya udongo mtupu, na nafaka iingizwe ndani kabla ya magharibi, umande usije ukairudishia usiku ilichopoteza mchana. Tena isifungwe ingali moto, kwa kuwa joto lililofungiwa hutoa jasho, na jasho hilo hutua kwenye punje za juu.

Nimekawia katika habari ya kukausha kwa sababu madhara ya kuikosa hayaishii kwenye harufu mbaya ya ugali. Miongoni mwa kuvu zinazoota katika mahindi na karanga zimo zile zinazotengeneza sumukuvu, ambayo ilijulikana mwaka 1960 baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walifariki miongoni mwa wagonjwa 317. Na kwetu, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 wakafariki 20. Hao ni walioila kwa wingi kwa wakati mmoja. Ailaye kidogo kidogo kwa miaka hajioni mgonjwa, ila ini lake limo katika hatari ya saratani. Moto wa jikoni hauivunji sumu hii, wala kukoboa na kupepeta hakuiondoi yote, ijapokuwa kuzichambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi huipunguza sana. Na hapa ndipo wengi wanapoghafilika: mahindi yenye kuvu yakitiwa katika chombo kizuri kuliko vyote duniani, yatatoka na sumu yake ile ile yaliyoingia nayo.

Adui wa pili ni mdudu. Fukusi wa mahindi na fukusi wa kunde ni wenyeji wa zamani, lakini dumuzi, au scania kama wengi wamwitavyo, ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, akathibitishwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea pamoja na shehena za nafaka. Huyu hatosheki na mahindi. Makopa ya muhogo, ambayo wazee wa kusini waliyategemea kwa uimara wake, huyageuza unga.

Dhidi yao dawa iliyo bora, kwa hukumu yangu, ni kuwanyima hewa. Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, pamoja na watafiti wa Kameruni, waliianzisha njia hiyo kwa ajili ya kunde mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndiyo asili ya mifuko ya PICS inayouzwa leo nchini: mifuko miwili ya plastiki nene ndani ya mfuko wa salfeti, kila mmoja ukifungwa peke yake baada ya kukamuliwa hewa. Wadudu waliofungiwa humo huitumia oksijeni wao wenyewe, ikashuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hata chini ya 5. Ajabu ni namna wanavyokufa. Funza aishiye ndani ya punje kavu hana mahali pa kunywa. Sehemu kubwa ya maji yake huyapata mwilini mwake, kwa kuunguza chakula kwa oksijeni. Oksijeni ikikatika, huacha kula, hukoma kukua, na hatimaye hufa kwa kiu.

Kazi hiyo hiyo hufanywa na dumu la lita 20 au ndoo yenye mfuniko wa kubana, mradi chombo kijazwe hata shingoni ili hewa isipate pa kukaa. Wako wanaowasha mshumaa juu ya nafaka kabla ya kufunga, wakidhani kwamba unapozimika umemaliza hewa. Mshumaa huzimika ingali imesalia oksijeni ya asilimia 16 hivi, ambayo kwa fukusi ni riziki tele. Hadhari moja inawahusu hasa watu wa Mtwara, ambao mikorosho imewajazia nyumba vyombo vya kila namna: mfuko uliobeba salfa na dumu lililotoka na dawa ya korosho havifai kutiwa chakula, hata vioshwe mara ngapi. Wala dawa ya shambani isinyunyizwe ghalani. Na vidonge vya kufukizia nafaka, vinavyotoa gesi ya fosfini, visiingizwe kamwe katika nyumba wanamolala watu. Anayefunga pasipo hewa hana haja navyo.

Akiba igawanywe katika vyombo vidogo, kwa kuwa kila kifungukapo hewa huingia upya. Ihifadhiwe nafaka nzima, si unga. Dona hasa, lenye kiini cha punje na mafuta yake, huchacha baada ya majuma machache. Karanga zikae na maganda yake.

Limebaki la makopa. Muhogo mchungu una sianidi, na sehemu yake husalia hata baada ya kukauka juani. Hakuna chombo kitakachoiondoa. Mnamo miaka ya 2000, katika mkoa huu wa Mtwara, walipatikana wagonjwa wa konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla pasipo kupona, hasa ya watoto na wanawake vijana, katika kaya zilizokula muhogo huo karibu peke yake. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitoa njia ambayo akina mama wa vijiji vya kusini walifundishwa. Unga wa makopa hutiwa bakulini, ikawekwa alama mahali ulipofikia. Huongezwa maji na kukorogwa, unga ukashuka, mpaka urudi kwenye alama ile. Kisha hutandazwa kwenye ungo au mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi ya sianidi ikapaa, na ugali ukasongwa siku iyo hiyo.