Kofia ya jino: dhahabu, chuma au kauri?

Baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alituita pembeni akauliza, kwa sauti ya chini, iwapo josho lake la janaba litasihi endapo daktari atalivika gego lake kofia. Gego lilikwisha kutibiwa mzizi, nalo kwa hofu hiyo likaachwa wazi miezi kadhaa. Jino la namna hiyo huwa dhaifu. Likipasuka hadi mzizini, mara nyingi halina dawa ila kung'olewa.

Tulimtoa shaka. Katika madhehebu ya Shafii, kusukutua wakati wa kuoga janaba ni sunna. Na hata wanaokuona ni faradhi, kofia iliyogandishwa haimlazimu mtu kuibandua.

Likabaki suala la dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Aliweka pua ya fedha, ikatoa harufu, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Hapo ndipo wanazuoni walipokisia ruhusa ya meno. Lakini ruhusa hiyo imefungamana na haja, si pambo. Tunakiri kwamba dhahabu ni nzuri kwa kazi hii: haimeguki, wala hailisagi jino linalokutana nayo. Hata hivyo, leo kuna zirkonia, aina ya kauri ngumu inayostahimili kazi ya magego. Mwanamume anayeimudu, kwa maoni yetu, hana udhuru wa kukimbilia dhahabu. Wanawake hawana kizuizi hicho.

Chuma kilichofunikwa kauri hufanana na jino, ila kauri yake huweza kumeguka, na baada ya miaka mstari wa kijivu ukaonekana kwenye ufizi. Kwa meno ya mbele, kauri tupu hupendeza zaidi. Chuma kitupu ni imara na kwa kawaida ni nafuu, lakini mara nyingi huwa na nikeli. Dada ambaye hereni za bei rahisi humuwasha masikio amweleze daktari mapema.

Mzee wetu hana mzio huo. Alichagua chuma kitupu. Gego la nyuma nani ataliona, alisema, na fedha iliyosalia akamlipia mjukuu karo ya madrasa.