UZI: Msaidizi mmoja, wazee wangapi?

1/ Una shangazi au binamu anayefanya kazi kwa nyumba ya wazee huko Marekani? Basi huu mjadala unakuhusu. Tuuchambue bila kutaja chama wala mwanasiasa.

2/ Tangu 1987 sheria yao inataka nyumba hizi ziwe na wahudumu "wa kutosha", na nesi aliyesajiliwa awepo angalau saa 8 kwa siku. Sasa kutosha ni wangapi? Sheria haisemi.

3/ 2024 serikali ikaweka namba. Kila mzee apate wastani wa saa 3.48 za huduma kwa siku. Kati ya hizo, dakika 33 ni za nesi aliyesajiliwa na saa 2.45 ni za wasaidizi wa manesi. Tena nesi awepo saa zote 24.

4/ Piga hesabu. Wazee 100 wanahitaji saa 245 za wasaidizi kwa siku. Kwa shifti za saa 8, hao ni kama watu 31, yaani 10 hivi kila shifti. Msaidizi mmoja, wazee kumi: kuogesha, kulisha, kugeuza kitandani, kupeleka choo. Na hicho ndicho kiwango kilichopigwa vita.

5/ Wenye nyumba wanasema: manesi hawapatikani, hasa mashambani, na pesa ya Medicaid haitoshi. Tukifunga, wazee waende wapi? Usiicheke hoja hii, ina uzito.

6/ Upande wa pili unajibu: watu wanaacha kazi kwa sababu mzigo ni mkubwa na mshahara mdogo. Ukingoja wafanyakazi wajae ndio uweke kiwango, utangoja sana.

7/ Iliishaje? Aprili 2025 korti ya Texas ikafuta vipengele vikuu. Julai, sheria mpya ikasukuma utekelezaji hadi 2034. Desemba, serikali yenyewe ikafutilia mbali hizo namba. Wamerudi pale pale kwa "wa kutosha".

8/ Hata hapa kwetu, mtu akikuahidi wahudumu "wa kutosha" kwa hospitali ya kaunti, muulize: Wangapi? Kwa shifti gani? Nani analipa? Mgonjwa akibonyeza kengele saa nane usiku, anayekuja kumwinua ni mtu, si ahadi.