Hisa Ikishuka Chini ya Wastani Wake, Je, Imekuwa Rahisi?

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kisauni, Mombasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, Safaricom imeshuka, si tununue sasa?" Nami huuliza: imeshuka ukilinganisha na nini? Na bei ya jana? Ya mwaka jana? Au ile shilingi 5 ambayo kwayo serikali iliuuzia umma hisa za kampuni hii ya simu mwaka 2008? Asiyejua analinganisha na nini hawezi kujua kama anachonunua ni rahisi au ni ghali.

Kipimo kimoja wanachokitumia wawekezaji wengi duniani ni wastani wa bei wa muda mrefu. Unaojulikana zaidi ni wa siku 200. Unajumlisha bei za kufunga za siku 200 za soko zilizopita, kisha unagawa kwa 200. Siku inayofuata unaingiza bei mpya, unaitoa ile kongwe kuliko zote, unagawa tena. Kwa kuwa soko hufungwa wikendi na sikukuu, siku 200 hizo ni kama miezi 9 na ushei. Sisi chamani hutumia bei za mwisho wa mwezi za miezi 10. Jibu halipishani sana na lile la siku 200, na daftari na kalamu vinatosha.

Tuseme bei za miezi 10 zimejumlishwa zikawa shilingi 270. Wastani ni 27. Mwezi mpya unafunga kwa 21, na bei kongwe katika orodha ni 30. Toa 30, ingiza 21: jumla inakuwa 261, na wastani 26.10. Bei ya soko imeporomoka hadi 21, lakini wastani umesogea senti 90 tu. Ndiyo sababu naupenda: uvumi wa wiki moja hauutikisi. Na sasa tunaweza kusema kwa uhakika kwamba bei iko karibu asilimia 20 chini ya wastani wake.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua, na hapo ndipo mimi huwasimulia yaliyoipata Safaricom. Agosti 2021 hisa yake ilifika karibu shilingi 44. Ikaanza kuteremka, ikapita chini ya wastani wake, na kufikia katikati ya 2022 ilikuwa chini ya 30. Aliyenunua wakati huo kwa sababu hiyo tu aliiona ikizidi kushuka hadi karibu shilingi 13 mwishoni mwa 2023. Wastani nao ulikuwa ukishuka, ukiifuata bei kwa nyuma. Kazi yake ni kukumbuka bei ambazo watu wamekuwa wakikubali kulipa. Habari za faida ya kampuni, madeni yake au hali ya nchi, haunazo.

Na mengi yalikuwa yamebadilika. Kuanzia Machi 2022 Marekani ilipandisha riba, na wawekezaji wa kigeni wakawa wanauza hisa zao Nairobi. Kampuni yenyewe ilikuwa ikimwaga fedha nyingi Ethiopia, ambako ilizindua huduma Oktoba 2022. Shilingi ikadhoofika. Serikali ikawa inakopa kwa riba kubwa, hata hati fungani ya miundombinu ya Februari 2024 ikatoa zaidi ya asilimia 18. Mwenye pesa alikuwa na pa kuzipeleka bila kuhangaika na hisa.

Ndiyo maana katika daftari letu, kando ya safu ya wastani, pana safu ya mgao wa faida. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, Safaricom ilitoa shilingi 1.37 kwa kila hisa. Ukinunua kwa 44, hiyo ni asilimia 3 hivi. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 ilitoa 1.20, na kwa bei ya 13 hiyo ni zaidi ya asilimia 9. Mgao ulipungua kidogo, bei ikapungua mno. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuonyesha kwamba hisa imekuwa rahisi kweli.

Wapo wanaoutumia wastani kinyume chake: bei ikiwa juu yake wananunua, ikiwa chini wanauza. Profesa Jeremy Siegel wa Marekani aliupima utaratibu huo kwa rekodi za Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za huko, zinazorudi nyuma hadi karne ya 19. Aliona kwamba humwepusha mtu na maporomoko makubwa, lakini pia humfanya auze na kununua mara nyingi bure, na gharama zikamla. Kwetu, ambako dalali na ada nyingine huchukua karibu asilimia 2 kila unapouza au kununua, onyo hilo ni zito.

Tena kuna mitego ya hesabu. Hisa isiyouzwa kwa siku kadhaa hurudia bei ileile, na wastani wake hauna maana kubwa. Kampuni ikigawanya hisa, kama benki ya Equity ilivyofanya mwaka 2009 kila hisa ikawa 10, lazima bei za zamani nazo uzigawe kwa 10, la sivyo utadhani imeanguka.

Kwa hiyo chamani tuna kanuni. Hisa ikiwa chini ya wastani wake kwa asilimia 20, inaingia katika ajenda ya mkutano, si katika ununuzi. Anayeitaka hutuletea hesabu za kampuni za miaka mitatu: faida, deni na mgao. Tukiridhika kwamba biashara bado ina nguvu, tunanunua kidogo kidogo. Tusiporidhika, pesa zinabaki benki. Nasisitiza hivyo kwa sababu wengi wetu wanaamka alfajiri kukaanga mahamri na viazi karai ili walete mchango wao, na hakuna mstari wa grafu unaostahili kupewa jasho hilo kabla kampuni haijakaguliwa.