Godoro la boti huoza kuanzia chini

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kuvuka ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi ni mwendo wa dakika chache. Lakini boti zinazolaza watu ziwani bado zipo, na magodoro yake huchakaa upesi kuliko ya nyumbani.

Wenye boti hulaumu mvua na mawimbi. Mara nyingi maji hayo yametoka kwa aliyelala. Usiku mwili hutoa jasho na mvuke. Mvuke hupenya sponji, ukifika kwenye mbao zilizopozwa na ziwa unageuka matone. Inua godoro asubuhi, upapase upande wa chini: palipolaliwa na mabega na nyonga pamelowa, pengine pana madoa meusi ya kuvu, ilhali juu ni pakavu kabisa.

Kwa hiyo anza na chaga. Mbao nyembamba zilizoachana vidole viwili, zikiinua godoro inchi mbili, hupitisha hewa.

Kisha kipimo. Omo ya boti hubana, na mbavu zake huinama, hivyo urefu na upana havimtoshi fundi makochi. Tandaza maboksi yaliyofunguliwa, yakate kufuata mataruma, andika upi ni upande wa juu, umpelekee. Achukue upana wa juu na wa chini. Ukingo uliokatwa wima hujikunja unapogusa ubavu.

Sponji lipimwe kwa mizani. Kipande cha mita 2 kwa sentimita 70, unene sentimita 10, kikiwa na kilo 4 hivi kitamhimili mtu mzima. Kikiwa na kilo 2, ni hewa unayonunua, kitabonyea mapema.

Kava la leza hupendwa kwa sababu halipitishi maji, ila likizunguka pande zote hufungia mvuke ndani. Ningeshona pamba juu, kitambaa cha matundu chini, na zipu ya plastiki.

Kila asubuhi godoro lisimamishwe. Likilowa, likaushwe kivulini penye upepo, kwani jua kali hulifanya sponji kuwa la njano na kumeguka. Hapa tuna nafuu kuliko wenzetu wa baharini: chumvi ikiingia godoroni huvuta unyevu mpaka isuuzwe.

Jiko na petroli vikae mbali; sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Wala godoro si boya, maana hunywa maji. Jaketi za kujiokolea ziwekwe mahali pa wazi, zisihifadhiwe chini yake.